Tumbaku ya Shangazi

Mwaka ule miti ya sukari ilichelewa kutoa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuhamia msituni na masufuria yao, watoto wao na mbwa wao, wakatoboa mashina, wakatega vyombo vya magome chini ya kila tundu, halafu wakakaa siku tisa wakivichungulia. Vikavu. Siku ya kumi jua likapata nguvu, theluji ikaanza kuporomoka kutoka juu ya vibanda, na utomvu, ule unaochemshwa kuwa sukari, ukaanza kudondoka, to, to, to, msitu mzima.

Waaseyaa alifurahi kuliko wote, ingawa hakusema. Alikuwa na hesabu yake. Huo ulikuwa mwezi wa tatu hajaona siku zake, na kijana mwenye mimba ile alikuwa ameahidi jambo moja: kabla miti haijaacha kutoa, atamlaza kulungu mlangoni kwa mama yake. Mwanaume wa kwao haombi mke kwa maneno. Anamlaza mnyama mlangoni, anaondoka. Mama wa msichana akimchuna, akampika, akamwita kijana aje ale, yamekwisha, huyo ni mkwe. Akimwacha mnyama agande pale hadi kunguru wamdonoe macho, hayo nayo ni majibu.

Kijana mwenyewe aliitwa Bebaamash, wa ukoo wa Tai. Waaseyaa hakuwa wa ukoo wowote.

Ukoo mtu huupata kwa baba. Baba akiwa Korongo, watoto ni Korongo, na mama anabaki na ule aliozaliwa nao. Mama yake Waaseyaa, Biidwewe, alikuwa Kambare, na hakuweza kumpa binti yake hata pezi moja la huyo kambare, kwa sababu baba wa binti alikuwa Mfaransa wa duka la manyoya, aliyekaa majira matatu ya baridi pale ziwani, akazaa, akapakia mtumbwi, akaenda zake mashariki. Sasa, mgeni akifika kijijini huulizwa ukoo kabla ya jina. Wewe Dubu? Njoo huku, huyu dada yako, huyu kaka yako, kaa ule. Hata aliyetoka mwendo wa siku ishirini alipata ndugu kabla hajavua viatu vya theluji. Waaseyaa alipoulizwa alitazama chini, na watoto wenzake wakamjibia: "Huyo ukoo wa Sufuria!" Maana masufuria ndiyo yaliyotoka dukani kwa babaye.

Biidwewe hakulia kwa ajili ya sufuria. Kilichomliza ni kaburi. "Ukifa," alimwambia bintiye akimchana nywele, enzi zile Waaseyaa bado anaenea mapajani, "watakusimamishia kibao, na kwenye kibao anachorwa mnyama wa ukoo, miguu juu kichwa chini. Wewe watakuchorea nini?" Miaka kumi alikuwa akimpelekea mzee Animikiins, mkubwa wa Tai, samaki wa kwanza wa wavu na mchele wa kwanza unaoota ziwani, akimwomba amchukue binti yake awe mtoto wa Tai, kwa kuwa Tai walishawahi kuwapokea watoto wa namna hiyo. Mzee alikula samaki. Kila mwaka alisema, "Tutaona." Mwishowe lile ombi lilikuwa kama kikohozi cha Biidwewe tu, watu hawalisikii tena, hata Waaseyaa mwenyewe halisikii.

Ndiyo maana hakumwambia mama yake habari za Bebaamash. Alitaka kulungu ndiye aseme.

Masufuria matatu yalining'inia juu ya moto mrefu, na mwenye moto alikuwa Zhaawanookwe, dada wa mzee Animikiins. Miti ile ilikuwa yake tangu kwa bibi yake, na ukifanya kazi kwenye miti yake unafuata macho yake. Ni yeye aliyemlea Bebaamash. Wazazi wa kijana walikufa kwa ndui akiwa na miaka sita. Baba mkubwa wake, Animikiins, akamtoa kwenye kibanda akiwa amelala katikati ya maiti, na Zhaawanookwe, shangazi yake, akamlisha mpaka akawa mwanaume. Zhaawanookwe alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa aliyebaki hai, Omiimii, Korongo kwa babaye.

Kwa hiyo Omiimii na Bebaamash walikuwa mabinamu, na binamu wa kwa shangazi ni mtani. Si hiari. Mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo ni ndugu yako kabisa, hamtaniani, mkikua hata kutazamana mnatazamana kwa adabu. Lakini mtoto wa shangazi ukimwona usipomtania, watu watauliza mmegombania nini.

Siku hiyo Bebaamash alipita na mzigo wa kuni mgongoni. Omiimii, mwiko mkononi, hakumwacha.

"Jamani, tazameni, kuni zinatembea! Kumbe chini yake kuna binamu. Mimi nilidhani nungu anatafuta mke."

"Nungu ana nafuu," Bebaamash akasema. "Anakaa juu ya mti, hasikii kelele zako."

"Na kulungu je? Wiki nzima unaondoka na bunduki, unarudi na bunduki. Maskini, imekonda kwa kutembezwa!"

"Kulungu wakisikia unavyocheka wanahamia kwa Wadakota. Bora wauawe na adui."

"Basi nipeleke mimi, nikae mbele ya mtutu. Kwa uzuri huu watakuja wenyewe."

"Watakuja wakiwa wamefumba macho."

Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga utomvu. Bibi mmoja mwenye jino moja akapaza sauti, "Oaneni basi, mtupumzishe masikio!" Wakacheka tena. Binamu kwa binamu ndiyo ndoa ambayo kila mtu anaipenda.

Waaseyaa alikoroga sufuria yake. Hakuwa na la kusema kwa Bebaamash mbele za watu. Utani ni wa wenye ndugu. Yeye hakuwa binamu wa mtu.

Sufuria ikapanda povu, Zhaawanookwe akatupia kipande cha mafuta ya kulungu ili litulie. Harufu ya mafuta ikampanda Waaseyaa puani. Akaweka mwiko chini, akaenda nyuma ya mti, akainama. Aliporudi akifuta mdomo kwa theluji, Zhaawanookwe alikuwa amesimama akimtazama.

"Tumbo?"

"Samaki wa jana, mama."

"Pole, mwanangu." Akamshika mkono, akamkalisha kwenye gogo, akampa kibonge cha sukari mpya amumunye. Mkono wake ulikuwa wa joto. "Pumzika. Mwili wa msichana si wa kuchezea."

Kesho yake Bebaamash alimfuata Waaseyaa kwenye miti ya mbali, anakokusanya utomvu. Alikuja mbio, viatu vya theluji vikirusha theluji nyuma yake, uso wote meno.

"Shangazi anajua!"

Ndoo ilimponyoka Waaseyaa. "Umemwambia?"

"Aliniuliza mwenyewe. Akanitazama hivi, akasema, yule mtoto wa Biidwewe ana mimba yako? Ningemdanganyaje? Amenitafunia nyama mwanamke yule."

"Akasemaje?"

"Hakugomba! Mimi nilidhani atanipiga na mwiko. Akasema, haya, hili ni la wakubwa. Akatoa tumbaku yake nzuri, akaifunga kitambaa chekundu, akasema, mpelekee baba yako mkubwa, mwambie ni kwa ajili ya Waaseyaa, mengine mimi nimeshaongea naye."

"Na mzee?"

"Ameipokea. Ameivuta yote mbele yangu." Bebaamash akaiokota ndoo akampa. "Keshokutwa karamu. Wameitwa Korongo, wameitwa Dubu, mama yako ameitwa. Kulungu wa nini tena?"

Mzee akiipokea tumbaku amekubali neno. Akiivuta, neno limeshakwenda juu na moshi, halirudishwi. Waaseyaa alijua hilo kama alivyojua jina lake. Bado akauliza, "Ulimuuliza shangazi tumbaku ni ya neno gani?"

"Mtu anauliza tumbaku ya shangazi yake? Anayebeba anabeba tu." Akacheka. "Na wewe nawe! Kama si posa, angenituma mimi?"

Kisha akavua glavu, akamwekea kiganja tumboni, juu ya blanketi, akiogopa kama anayegusa kifaranga. "Huyu atakuwa Tai," akasema. "Mtoto wa Tai. Akiulizwa atajibu mwenyewe. Hakuna wa kumwita Sufuria."

Hilo ndilo Waaseyaa alilokuwa analitaka duniani. Bebaamash alimtaka, ndiyo, alimtaka hadi vidole. Lakini hili la mtoto kujibu mwenyewe alilitaka kuliko.

Siku ya karamu Biidwewe aliamka mapema, akampaka bintiye mafuta nywele, akazisuka, akamvika gauni la buluu alilokuwa amelikunja tangu ujana wake. Alikuwa analia na kucheka.

"Leo, mwanangu. Leo."

"Nani alikuambia, mama?"

"Mama Omiimii mwenyewe. Alikuja jana, akanikumbatia, yule ambaye salamu yake ni kichwa tu! Kumbe watu wote walijua isipokuwa mimi."

"Umefurahi kweli?"

"Unaniuliza? Miaka kumi, Waaseyaa! Miaka kumi!"

Waaseyaa akamfuta mama yake machozi. Ile miaka kumi ilimpita masikioni, hakuishika.

Jua lilikuwa utosini watu walipokaa. Kulikuwa na samaki weupe wa kuchemsha, mchele wa ziwani uliotiwa mafuta ya dubu, na sukari mpya katika vikasha vya magome. Korongo walikaa upande wao, Dubu wao, Kambare wawili watatu karibu na Biidwewe. Bebaamash alikaa nyuma ya baba yake mkubwa, amevaa leso mpya shingoni, anashindwa kuuficha uso wake. Omiimii alimrushia mfupa wa samaki, hakumwona.

Mzee Animikiins akasimama. Alikuwa mzee wa sauti ndogo, ukitaka kumsikia lazima unyamaze, na walinyamaza.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Ndui ilimchukua mwaka uleule ilipomchukua ndugu yangu na mkewe. Mnamkumbuka. Mahali pake kwenye moto wangu hapajakaliwa na mtu. Mama huyu wa Kambare amenisemesha miaka kumi, na mimi nikawa mgumu, kwa sababu nilikuwa bado namngoja yule aliyekwenda. Sasa mtoto wa ndugu yangu, huyu Bebaamash, ameniletea tumbaku kwa ajili ya msichana huyu. Nikajiambia, ikiwa kijana ameona, mimi mzee nimezibwa na nini? Nimeivuta. Leo binti yangu amerudi. Mkimuuliza ukoo wake kuanzia leo, atawajibu, Tai."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Biidwewe akajifunika uso kwa mikono miwili.

Waaseyaa alisikia maneno yote na hakuelewa hata moja, halafu akayaelewa yote kwa mpigo. Binti wa Animikiins. Bebaamash, mtoto wa ndugu yake Animikiins. Tai na Tai, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Alimtafuta Bebaamash kwa macho; kijana alikuwa amekaa vilevile, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na tawi gizani.

Zhaawanookwe alikuwa tayari na bakuli. Mchele, mafuta, sukari juu. Akampa kaka yake, na mzee akachota kwa kijiko cha mti, akakinyoosha kuelekea mdomo wa Waaseyaa. Akila, amezaliwa. Watu wanne wa mbele walisogea waone vizuri.

Bado kulikuwa na nafasi. Ndogo, ya pumzi moja, lakini ilikuwepo. Kabla kijiko hakijaingia mdomoni yeye bado ni mtoto wa Biidwewe, wa ukoo wa hakuna, na mtoto wa tumboni bado ni Tai kwa baba yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyetakiwa kusema. Waaseyaa alimtazama mtu huyo. Sema. Sema tu, huyu ni mke wangu. Mzee ataaibika, karamu itaharibika, watakuchukia mwaka mmoja, miwili. Sema.

Bebaamash akafungua mdomo.

"Bebaamash, mwanangu," Zhaawanookwe akasema kwa upole, "tumbaku umeleta wewe. Mbona husemi? Mkaribishe dada yako."

Macho yote yakamgeukia. Mzee Animikiins naye akageuka, kijiko kikiwa hewani, akamtabasamia mtoto aliyemtoa katikati ya maiti. Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumwona mzee yule akitabasamu.

Kijana akatazama leso yake.

"Karibu, dada," akasema.

"Kula, mwanangu," Biidwewe akanong'ona nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayezama. "Kula, mama'angu, kula."

Waaseyaa akala. Mchele ulikuwa mtamu sana. Zhaawanookwe hakubana sukari.

Aliyefika kwanza kumkumbatia alikuwa Omiimii, ambaye hakujua lolote, msichana wa moyo mweupe kama samaki wale. "Binamu!" akapiga kelele. "Nimepata binamu wa kike! Ngoja sasa, nitakutania mpaka ujute kuzaliwa!"

Siku zilizofuata Biidwewe aliimba akikusanya utomvu. Aliwasimamisha watu njiani bila sababu. "Nampelekea chakula binti yangu," alisema, "yule wa Tai." Waaseyaa akimtazama mama yake aliona kwamba amenyooka mgongo, amepungua miaka, na kwamba hawezi kumwambia. Si leo, si kesho. Alikuwa akilala mkono tumboni, mama yake akikoroma kwa raha upande wa pili wa moto.

Mara moja alikutana na Bebaamash kwenye njia ya kisimani. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, imekanyagwa katikati ya theluji ya kufika kiunoni. Alisimama. Alikuwa ameandaa maneno siku nne.

Bebaamash alimwona, akageuza uso. Akatoka njiani, akazama kwenye theluji hadi mapajani, akasimama humo na mgongo wake kwake, ili dada apite. Ndivyo kaka mwenye adabu anavyofanya.

"Bebaamash."

Hakujibu. Kaka hamsemeshi dada aliyekwisha kuvunja ungo. Akiwa na la kumwambia anamtuma mtu.

"Bebaamash, ni mimi. Hakuna mtu hapa."

Mabega yake yalitetemeka. Waaseyaa alimwona akiinua mkono, akijifuta usoni kwa leso ile mpya, na kwa muda akadhani atageuka. Kisha akaona kwamba anafanya yote sawasawa, kwamba hata akilia analia kwa adabu, na kwamba mtu wa hivyo atasimama kwenye theluji hadi vidole vya miguu vikatike kabla hajamvunja moyo baba yake mkubwa. Akapita. Nyuma yake hakusikia hatua zozote, muda mrefu.

Siku iliyofuata alimkuta Zhaawanookwe peke yake. Wengine walikuwa wameitwa ziwani, barafu imepasuka na nyavu zimenasa. Zhaawanookwe alikuwa amekwishaipua sharubati nzito ya utomvu, ameimimina kwenye hori la mti, anaipiga kwa kafi ili igeuke sukari. Kazi hiyo haina kupumzika. Ukiacha kupiga, inaganda bonge moja kama jiwe, kazi ya siku nzima imepotea.

"Umekuja, mtoto wa kaka yangu," akasema bila kuinua kichwa. "Niite shangazi, nisikie."

"Ulijua nina mimba."

"Nilijua kabla Bebaamash hajaniambia. Yule hajui hata viatu vyake viko mguu gani."

"Ulijua, ukafanya hivi."

"Nilifanya nini? Nimekupa kile mama yako alichokililia miaka kumi. Muulize kama ana kinyongo na mimi." Kafi ilikwenda, ikarudi. "Sikiliza, binti. Sikuchukii. Bebaamash angekuoa wewe, angehamia kwenu, angewinda kwa ajili ya mama yako. Ndiyo desturi. Mimi nina mume anayekohoa damu, nina kaka mzee asiyeweza kuvuta hata wavu, nina Omiimii. Nimemlea yule kijana kwa mate yangu, halafu nyama yake ale Biidwewe? Majani yakitoka anamuoa Omiimii, anabaki kwenye moto wangu. Wewe kila mtu angekuhurumia. Mimi nani angenihurumia?"

"Na mtoto?"

"Zipo dawa. Mwezi wa tatu bado zinafanya kazi." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Hutaki? Basi sema ni wa Mfaransa. Wapo wawili dukani, mmoja ataitikia hata kama hakumbuki. Hatakuwa na ukoo. Hata wewe hukuwa nao, na mbona ulikua?"

Kwa siku nyingi Waaseyaa alikuwa akihesabu, usiku na mchana, kama walivyomfundisha watoto wenzake kuhesabu ndugu za watu wakati yeye hakuwa nao: huyu ni nani kwa yule, yule atamwitaje huyu. Sasa alikuwa nao. Hesabu ilikuja yenyewe.

"Bebaamash ni kaka yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Basi mtoto wangu atamwita mjomba."

Kafi ikaenda, ikarudi.

"Na Omiimii akizaa naye, watoto wao watakuwa mabinamu wa mtoto wangu. Watani. Watarushiana mifupa ya samaki hapa kwenye moto wako, na wewe utacheka pamoja na watu. Wakikua, yule bibi mwenye jino moja, kama atakuwa hai, atasema oaneni. Watu wote watasema. Binamu kwa binamu, nani hapendi? Wewe utasemaje, shangazi, unayejua kwamba baba yao ni mmoja? Utasema hapana kwa sababu gani?"

Kafi ilisimama. Ilisimama kidogo tu, lakini sharubati ilianza kufanya ngozi juu.

"Utawaambia wewe," Zhaawanookwe akasema.

"Mimi siwezi. Mama yangu anaimba, humsikii? Hizo nyimbo utamkatisha wewe."

"Wewe mtoto."

"Na dawa sinywi." Waaseyaa akakaa kwenye gogo, karibu kabisa, mpaka magoti yao yakagusana. Sauti ilimtoka sawasawa. "Nitazaa. Nitakuja kuzaa hapa kwako, maana msichana huzalishwa na shangazi yake, na ukinifukuza watu watauliza. Utampokea kwa mikono yako. Utakuwa wa kwanza kuuona uso wake. Na akitoka na uso ule, na nyusi zile, wanawake watajazana mlangoni kuuliza amefanana na nani. Watakuuliza wewe."

Zhaawanookwe alikuwa mwanamke aliyezika watoto wanne kabla ya Omiimii, na hapakuwa na mengi yaliyobaki ya kumtisha. Alikaa akiitazama sharubati yake ikigeuka rangi.

"Watasema watoto hufanana na wajomba zao," akasema polepole.

"Sijakusikia."

"Amefanana na mjomba wake."

"Tena, shangazi. Wakuamini."

"Amefanana na mjomba wake," Zhaawanookwe akasema, kwa ile sauti yake ya upole ya siku ya karamu, na safari hii ilimtoka vizuri kabisa, kama mtu anayesema neno la kweli.

Waaseyaa akanyoosha mkono, akachukua kafi kutoka kwenye vidole vyake. Mwanamke mkubwa hapigi sukari wakati mtoto wa kaka yake amekaa bure. Akaanza kupiga. Ilikuwa imekwisha kuwa nzito, ilimvuta mabega na kiuno, na alijua kwamba nusu yake haitafaa. Alipiga hata hivyo.

Kutoka ziwani sauti zilikuwa zinarudi, Omiimii akicheka mbele ya wote.